Maji ya Kijani na Furu Kumi na Wanne

Mliponiaga pale kituo cha samaki, vijana, mliniomba jambo dogo: niwaandikie namna ya kuotesha maji ya kijani. Nilidhani ukurasa mmoja utatosha. Sasa ni wiki ya pili nimekaa na daftari, na naona siwezi kueleza maji yale bila kueleza furu walioishi humo, wala siwezi kueleza furu bila kusema kosa nililolifanya mwenyewe, ambalo wengi wenu hamjalisikia kwa sababu nililificha vizuri. Vyeo na mishahara nimeviacha. Havikuwa virefu kiasi cha kumchosha msomaji.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sitini, kibarua wa kubeba maji. Kituo chetu cha samaki kilikuwa nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kando ya lambo, na kazi yake ilikuwa kukuza vifaranga vya sato vya kupandwa kwenye malambo ya ng'ombe huko vijijini. Siku ya kwanza nilipewa debe nikaonyeshwa njia: kutoka lambo hadi mabwawa, na kurudi. Hakuna aliyenieleza samaki wanakula nini wala kwa nini maji yanabadilishwa. Jua la Shinyanga mnalijua. Saa saba mchana hata ng'ombe wanachoka kutikisa mkia. Nilikuwa natembea nusu nimelala, maji yananidondokea begani, pamba inachambuliwa mbali huko mjini na mlio wa mashine unakuja na upepo, na niwaambie ukweli, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimeachika, nina mtoto mmoja, Minza, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa kazi bila kuniuliza mume wangu yuko wapi.

Bwana Lukanda alikuja miaka michache baadaye, mgodi wa dhahabu wa Geita ulipofungwa. Alikuwa Mzinza wa Nkome, ziwani, na kule mgodini alikuwa mtu wa pampu: aliyatoa maji shimoni ili wachimbaji wasizame. Alisema miaka yote ile aliyafukuza maji, na sasa alitaka akae nayo kwa amani. Walimpa chumba cha maabara, yaani meza moja, hadubini moja yenye kioo kilichopasuka pembeni, na tangi la kioo la urefu wa kitanda lililotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya Sabasaba. Baada ya wiki moja akamwambia mkuu wa kituo kwamba anahitaji msaidizi na amemchagua yule mama wa debe, kwa sababu ni yeye peke yake anayechungulia ndani ya maji kabla ya kuyamwaga. Mimi nilikuwa nachungulia kwa usingizi tu. Sikumwambia.

Sasa andikeni, maana hili ndilo mliloniomba. Mapipa ni matatu. La kwanza unalijaza maji ya lambo yaliyochujwa kwa khanga, unaning'iniza ndani yake kifuko cha samadi ya mbuzi, kisha unaliacha juani. Siku ya nne maji yana rangi ya mchaichai. Siku ya saba ni ya kijani hasa. Humo mna vimea vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, na kipimo chake ni mkono wako. Zamisha mpaka kwenye kiwiko: ukiziona kucha zako bado mapema, usipoziona yameiva. Pipa la pili ni la viroboto wa maji, wale wadudu wanaorukaruka, ambao tuliwavua kwa khanga pembeni mwa malambo, pale ng'ombe wanapokanyaga. Hao wanakula ukijani. Wamiminie makopo mawili asubuhi, jioni maji yanakuwa meupe, nao wamenona, na hapo ndipo unawapeleka kwenye tangi pamoja na maji yao. Samaki anakula kiroboto. Uchafu wa samaki unauchota na kuurudisha pipa la kwanza, ukijani unaula. Hakuna kinachotupwa, na maji yanajisafisha huku wewe ukiwa na kopo tu mkononi.

Pipa la tatu ni la kuonjea. Ukijani wowote mpya, kabla haujagusa chochote kingine, unaukalisha humo siku tatu na viroboto wachache. Wakiishi, endelea. Bwana Lukanda alisema shimoni walikuwa na utaratibu wa namna hiyo kwa kila kitu, kwamba kinaingia kidogo kwanza ndipo watu waingie. Wenye haraka huliruka pipa hili.

Kuna wakati tuliletewa mashine ya umeme ya kusafishia maji, ya kisasa kabisa, na mkuu wa kituo wa wakati ule akaamuru mapipa yaondolewe kwa kuwa yanatia aibu. Alikuwa mtu wa usafi. Hata mawe ya njiani aliyapaka chokaa. Mashine ile ilinguruma vizuri mpaka kipira chake kilipopasuka, na kipira kingine hakikupatikana Shinyanga, wala Mwanza, wala kwa barua. Mapipa yakarudi kimyakimya. Mashine mnaijua, ndiyo ile inayozuia mlango wa stoo usipigwe na upepo.

Miaka ya sabini ilipita juu ya maji hayo. Tulibeba vifaranga kwenye madumu, kwa baiskeli na kwa malori ya pamba, tukafika hadi Ushetu, ambako mzee mmoja alitaka tumhakikishie kwamba ng'ombe wake wakinywa hawatameza samaki. Lakini nikifumba macho sasa siioni safari hata moja. Naona alasiri za maabara. Jua likiinama lilipenya kwenye tangi, chumba chote kikawa kijani, ukuta, meza, mikono yangu, na viroboto wakapanda na kushuka ndani ya ule mwanga bila kufika popote. Bwana Lukanda alikuwa anakaa kwenye kigoda upande wa pili wa kioo, nami naona uso wake ukiyumba kwenye maji. Tuliweza kukaa saa nzima pasipo neno. Minza alipokuja kutoka shule aliniuliza mnafanya nini, nikamwambia tunafanya kazi, na haukuwa uongo.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Bwana Lukanda alikwenda likizo nyumbani na kurudi mapema kuliko ruhusa yake. Alibeba madumu mawili mwenyewe kutoka stendi hadi kituoni. Ndani mlikuwa na furu kumi na wanne. Ninyi mmezaliwa furu wakiwa wameanza kuwa hadithi, kwa hiyo niwaeleze: walikuwa samaki wa ziwani, wadogo, wenye miiba mingi, chakula cha mtu asiye na kingine. Tuliwala wakiwa wakavu, tukiwalalamikia. Hawa aliowaleta walikuwa wa kwenye mawe ya kwao, madume yana bluu nzito na mkia mwekundu, majike yana rangi ya majivu.

Aliwaachia tangini polepole, kopo kwa kopo, halafu akakaa kwenye kigoda chake. Akanieleza kwamba nyavu za kwao sasa zinatoa sangara watupu, sangara mkubwa kama mtoto wa miaka kumi, na ukimpasua tumbo unawakuta furu humo. Watu wanafurahia sangara, akasema, hata yeye amemla na ni mtamu. Lakini alizunguka yale mawe siku tisa kwa mtumbwi kuwapata hawa kumi na wanne.

Mwaka uliofuata akastaafu. Siku ya kuondoka hakuniaga kwa hotuba. Alizamisha mkono kwenye pipa la kwanza, akautazama, akaupangusa kwa leso.

"Mama Minza," akasema, "hawa sikuachii ofisi. Nakuachia wewe."

Basi mmejua sasa nilichokuwa nimeshika. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba nilichokipata kwenye elimu ya watu wazima, na mtu niliyemheshimu kuliko wote alikuwa ameweka mikononi mwangu samaki ambao yeye mwenyewe aliamini hawapo tena mahali pengine. Niliwaangalia kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Waliishi. Hawakuzaa, lakini waliishi, nami nikamwandikia hivyo kila mwezi.

Pipa la kwanza likaoza kitako. Miaka ile mnakumbuka kwa kusimuliwa: sabuni hakuna, sukari hakuna, na pipa la chuma ungetafuta mpaka uchoke. Shemeji yangu, mkulima wa pamba, akanipa lake moja. Lilikuwa limebeba dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Nilijua. Sikudanganywa na mtu. Lakini kwetu kila nyumba ilikuwa na pipa la namna hiyo, na mimi nililisafisha kwa njia niliyoiamini kuliko zote, njia ambayo mama yangu alisafishia vibuyu vya maziwa: nikalisugua kwa majivu, nikalisuuza kwa maji ya moto, nikalianika, kisha nikaliinamisha juu ya kuni na kulifukiza moshi mpaka ndani kukawa kweusi. Kibuyu kikifukizwa hivyo maziwa hayachachi ovyo, na harufu yote ya zamani inakwisha. Niliingiza kichwa ndani ya lile pipa nikanusa. Lilinukia kama nyumbani.

Nikalijaza. Na hapa ndipo nilipopotea kabisa, maana ukijani haukudhurika. Dawa ile ni ya wadudu, mimea haina habari nayo. Siku ya sita tu maji yaliiva, kijani kizuri ambacho sijawahi kukiona tena. Furu walikuwa wamekaa siku nyingi bila ukijani mpya, maji yao yameanza kunuka, na mimi nilikuwa na haraka. Niliruka pipa la kuonjea. Nikawapa viroboto makopo mawili, nikamimina makopo manne moja kwa moja kwenye tangi, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, pipa la pili lilikuwa limetulia. Hakuna kilichoruka. Viroboto wote walikuwa chini, vumbi jeupe juu ya kitako. Nilisimama pale na kopo mkononi na nikaelewa yote kwa mara moja. Nilipofika kwenye tangi dume kubwa lilikuwa linazunguka mahali pamoja. Nikaanza kuwatoa kwa mikono na kuwatia kwenye ndoo ya maji ya lambo. Wengine walikufa ndani ya ndoo, wengine kesho yake, wengine walikaa siku nne hawali kitu halafu wakalala ubavu. Walikufa kumi na mmoja. Wakabaki madume mawili na jike mmoja.

Niliosha tangi, nikaanza ukijani na viroboto upya kwenye ndoo safi. Nililirudisha pipa, nikamweleza shemeji asihifadhie maji humo, na huyo ndiye mtu pekee niliyemwambia. Mkuu wa kituo nilimwambia ni joto. Bwana Lukanda aliniandikia kama kawaida yake, mistari minne, na mstari wa mwisho kila mara ulikuwa ule ule: vipi wenzetu. Nikamjibu wanaendelea. Mwezi uliofuata nikamjibu hivyo tena. Nilimweleza habari za mvua, za ndoa ya Minza, za reli, nikajaza kurasa. Nilikuwa naona haya mpaka nikashindwa kukaa kwenye kile kigoda.

Miezi ilipita hivyo. Halafu yule jike akaacha kula. Nilimwekea viroboto walionona mbele ya pua, akawatazama wakipita. Alijitenga kwenye kona, mdomo ameufunga, shavu limevimba kidogo. Nilikuwa nimewaona wale wengine wakiacha kula kabla ya kufa, kwa hiyo sikujiuliza mara mbili. Wiki moja ikapita, ya pili ikaanza, na mkuu wa kituo akaniambia kwa upole tu kwamba tangi zima kwa ajili ya samaki watatu wagonjwa halina maana. Likaushwe, liingie stoo mwisho wa mwezi.

Nikaomba ruhusa ya siku saba. Niliwatia wote watatu kwenye ndoo nyeupe ya maji ya kijani, nikaifunga kwa kitambaa chepesi ili mwanga uingie, maana ukijani ukipata mwanga ndio unaowapa samaki hewa. Niliamua niwarudishe kwao, wafie kwao, na nimwambie mwenyewe kwa mdomo wangu. Lori la pamba lilinifikisha Kahama. Nililala Ushirombo kwa binamu yangu, ambaye alinikaribisha vizuri na hakuuliza kwa nini mtu mzima anasafiri na ndoo ya uchafu. Kutoka Ushirombo hadi Geita nilikaa mbele na ndoo mapajani, na kila shimo la barabara lilinipiga kifuani. Dereva, kijana wa machimboni, aliniuliza kama ni dhahabu. Nikamwambia ni furu, akacheka mpaka Geita.

Nkome nilifika asubuhi. Dagaa walikuwa wameanikwa kwenye mchanga, wakimeremeta mpaka unafumba macho, na ziwa limetulia, halina mwisho. Bwana Lukanda alikuwa kivulini pembeni ya nyumba yake anashona wavu. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Bwana Lukanda."

"Marahaba, Mama Minza." Akaitazama ndoo. "Umeniletea maji mpaka ziwani?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Kahama, yakanitoroka yote. Nikaiweka ndoo chini na kumwambia nimemuulia samaki wake kumi na mmoja, kwa pipa la dawa ya pamba, na kwamba nilijua ni la dawa, nikaufuata moshi wa mama yangu na kuliacha pipa lake la kuonjea. Na kwamba nimekuwa nikimwandikia uongo.

Alishona matundu mawili au matatu kabla ya kujibu.

"Barua zako zilikuwa ndefu," akasema. "Mtu mwenye samaki wazima haandiki kurasa mbili za mvua."

Nililia pale, mwanamke wa miaka hamsini, na hakunibembeleza. Aliniacha nimalize. Kisha akafungua kitambaa, akainama juu ya ndoo, akaniuliza huyu jike ana nini. Nikamwambia anakufa, hali wiki ya pili. Akaniuliza amevimba shavu tangu lini. Nikamwambia tangu hapo hapo.

"Na sato wako akifunga mdomo hivi, miaka yote ile bwawani, ulisema anakufa?"

Vijana, nimehudumia sato kwa zaidi ya miaka ishirini. Majike wao hubeba mayai mdomoni, na vifaranga hukaa humo humo mpaka wapate nguvu, na mama hali kitu muda wote huo. Nimewafundisha hivyo wakulima sijui wangapi. Na huyu mmoja nilimtazama kila siku nikaona dawa ya pamba tu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imenijaa kichwani.

Tulikaa chini, yeye upande mmoja wa ndoo na mimi upande wa pili. Akasema tusitikise kitu. Jua lilipanda, likaingia kwenye ndoo, maji yakawaka kijani, na kivuli cha vichwa vyetu kikasogea polepole kutoka juu yake. Sijui tulikaa muda gani. Nilisikia wanawake wakigeuza dagaa. Halafu jike alisogea kidogo mbele, akafungua mdomo, na akatoka mmoja. Mdogo, macho matupu. Akasimama ndani ya ukijani, akadonoa kitu ambacho sisi hatukukiona. Akatoka wa pili, wakatoka wengi kwa pamoja, wakaenea, wote wanadonoa.

Bwana Lukanda alianza kuwahesabu kwa kidole, akapotea, akaanza tena, akaacha.

Nikamuuliza tuwaachie wapi, kwenye mawe yale yale? Akatikisa kichwa. Akasema kule jioni haitafika kabla sangara hajawamaliza.

"Rudi nao," akasema. "Na barua zako ziwe fupi."

Nilipofika Shinyanga tangi lilikuwa tayari limetolewa uani, limekauka, kuku wanalizunguka. Nilimfuata mkuu wa kituo na mavumbi yangu, nikamweleza habari ya pipa tangu mwanzo. Alinisikiliza, akaniandikia onyo kwenye faili, ambalo lipo mpaka leo mkitaka kulisoma, kisha akavua koti na kunisaidia kulirudisha tangi ndani. Vifaranga vilivyopona vilikuwa ishirini na sita. Nilimwandikia Bwana Lukanda mistari minne.

Furu mnaowalisha leo ni uzao wa jike yule. Mkimwona mmoja amejitenga, amefunga mdomo, hataki kula, msimtoe na msimwite mkuu wa kituo. Mpeni kopo moja la ukijani, taratibu, kaeni chini, na subirini.